Maswali ya wasomaji: Kipimo cha damu cha Alzheimer kinajibu nini, na hakijibu nini

Mwezi Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa kibali kwa kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua ugonjwa wa Alzheimer. Tangu hapo barua zenu kuhusu jambo hili zimekuwa nyingi. Tumechagua hizi, na ndefu tumezifupisha.

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 73. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa anauliza jambo lilelile mara tatu ndani ya saa moja, na juzi alishindwa kurudi nyumbani kutoka mahali anapopajua tangu ujana wake. Naambiwa siku hizi damu tu inatosha kujua kama ni Alzheimer. Ni kweli? Na humo kwenye damu wanatafuta nini? *Binti anayemtunza mama*

Jibu: Marahaba, binti, na pole kwa kazi unayoifanya. Damu inasaidia sana, ila haitoshi peke yake.

Mwaka 1906 daktari Alois Alzheimer alieleza mambo mawili aliyoyaona kwa darubini katika ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki: mabaka yaliyoganda nje ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua mabaka yale ni protini iitwayo beta-amiloidi, na nyuzi zile ni protini nyingine iitwayo tau. Ili kuyajua hayo mtu akiwa hai, madaktari wamekuwa na njia mbili: kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, au kupiga picha ya PET baada ya kumdunga mgonjwa dawa yenye mionzi inayonata kwenye amiloidi. Kipimo cha damu kinauliza swali lilelile kwa njia nyepesi zaidi: je, kuna amiloidi kwenye ubongo?

Vinavyopimwa zaidi ni viwili. Cha kwanza ni beta-amiloidi yenyewe, katika umbo lake la 42 na la 40 (namba hizo ni urefu wa mnyororo wake). Ile ya 42 ndiyo hunata kwenye mabaka, hivyo ubongo ukishaanza kujaa mabaka, kiasi kinachotoka humo hupungua na uwiano wa 42 kwa 40 hushuka. Tatizo ni kwamba viungo vingine vya mwili navyo hutengeneza amiloidi na kuimwaga kwenye damu. Ndiyo maana uwiano huo, ambao kwenye maji ya uti wa mgongo hushuka kwa karibu nusu, kwenye damu hushuka kwa asilimia 8 hadi 15 tu. Kosa dogo la maabara linaweza kumeza tofauti hiyo yote.

Cha pili ni p-tau217, yaani tau iliyobandikwa fosfeti kwenye nafasi ya 217 ya mnyororo wake. Hii hupanda, tena mara nyingi hufika maradufu au kupita, kadiri amiloidi inavyoongezeka kwenye ubongo. Kwa maoni yetu, kama kuna kiashiria kimoja cha kuuliza kwa jina unapozungumza na daktari, ni hiki.

Lakini kabla ya hapo mama anahitaji mambo mengine, tena kwa mpangilio. Kwanza, daktari asikilize maelezo ya mtu anayeishi naye. Wewe ndiye shahidi mkuu, kwa hiyo andika tarehe na mifano. Pili, mtihani wa kumbukumbu. Ule uitwao MoCA una pointi 30, na chini ya 26 huzua shaka, ila mtu aliyesoma kidogo hupata pointi chache hata akiwa mzima. Tatu, orodha ya dawa zote anazomeza, zikiwamo za mafua na za usingizi zinazonunuliwa bila cheti. Nne, vipimo vya kawaida vya damu: vitamini B12, tezi ya thairoidi, sukari, figo, ini, chumvi za damu, kaswende na VVU. Tano, picha ya kichwa. Kipimo cha Alzheimer kinakuja baada ya hayo.

Swali: Kipimo hiki kinaaminika kwa kiasi gani? Naomba takwimu, si maneno. *Msomaji mstaafu*

Jibu: Kile kilichopata kibali Mei 2025 ni cha kampuni ya Fujirebio, na hupima uwiano wa p-tau217 kwa beta-amiloidi 42. Kimekusudiwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Kilijaribiwa kwa sampuli 499 za watu wenye matatizo ya kumbukumbu. Kati ya waliopata majibu chanya, asilimia 91.7 walikuwa na amiloidi kweli kwa PET au kwa maji ya uti wa mgongo. Kati ya waliopata hasi, asilimia 97.3 hawakuwa nayo. Waliobaki katikati, bila jibu la upande wowote, hawakufika asilimia 20.

Utafiti mwingine wa kukumbukwa ulifanyika Sweden na kutangazwa mwaka 2024, ukiwa na wagonjwa 1,213. Kipimo cha damu kilichounganisha p-tau217 na uwiano wa amiloidi kilipatia kwa takribani asilimia 91. Madaktari wa kawaida, wakitumia mazungumzo, mitihani ya kumbukumbu na picha ya kichwa, walipatia kwa asilimia 61, na mabingwa wa magonjwa ya kumbukumbu kwa asilimia 73. Tofauti hiyo ni watu halisi waliokuwa wakipewa jina la ugonjwa usio wao, au waliorudishwa nyumbani wakiambiwa ni uzee.

Ila si kila kipimo kinachouzwa kina ubora huo. Mwaka 2025 Chama cha Alzheimer cha Marekani kilitoa mwongozo kwa mabingwa wanaowahudumia watu wenye matatizo ya kumbukumbu. Kipimo kinachowanasa angalau 90 kati ya wagonjwa 100, na kuwaachia angalau 75 kati ya 100 wasio nao, kinafaa kwa mchujo wa kwanza tu, na aliye chanya athibitishwe kwa njia nyingine. Kinachofikisha 90 pande zote mbili ndicho kinachoweza kushika nafasi ya PET au sindano ya mgongo. Mwulize daktari wako kipimo chake kiko kundi gani.

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Tunachukua damu kwetu na kuituma maabara kubwa. Sampuli kadhaa zimerudishwa kuwa hazifai, na nyingine zimetoa majibu yaliyomshangaza daktari. Tunakosea wapi? *Mtaalamu wa maabara*

Jibu: Tunakushukuru kwa swali hili, kwa sababu makosa mengi ya kipimo hiki hutokea kabla sampuli haijaiona mashine. Maagizo ya maabara inayopokea ndiyo ya kufuatwa kwanza, ila misingi ni hii.

Tumia mrija wa EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), wenye kifuniko cha zambarau. Vipimo vingi vimewekewa viwango vya plazma, yaani majimaji ya damu ambayo haikuganda, na ukituma seramu, ya damu iliyoganda, namba itakayotoka haina kipimio cha kulinganishwa nacho. Jaza mpaka kwenye mstari. Mrija ulioishia nusu una EDTA nyingi kuliko damu inavyostahili. Ugeuze taratibu mara 8 hadi 10, bila kuutikisa, kwa kuwa kutikisa huvunja chembe nyekundu na plazma hutoka na rangi nyekundu.

Zungusha ndani ya saa 2, kwa nguvu ya g 2,000 kwa dakika 10. Hapa ndipo wengi hujikwaa: husoma kasi ya mizunguko kwa dakika wakidhani ndiyo g. Nguvu ya g hutegemea pia nusu kipenyo cha kichwa cha mashine. Hesabu yake ni 0.00001118, mara nusu kipenyo kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Mashine ndogo yenye nusu kipenyo cha sentimita 10, ikizunguka 3,000 kwa dakika, inatoa g 1,006 tu, nusu ya inayotakiwa. Hiyo inahitaji karibu 4,230. Yenye sentimita 16 inahitaji karibu 3,340. Pima kwa rula kutoka katikati ya mhimili hadi kitako cha mrija, uandike kwenye karatasi ubandike juu ya mashine.

Kwa nini saa 2? Amiloidi huendelea kumeng'enywa na vimeng'enya vya damu ikiwa kwenye joto la chumba. Tau yenye fosfeti ni imara zaidi. Ukipima uwiano wa 42 kwa 40, zote mbili hushuka pamoja na uwiano hujikinga kidogo. Lakini kwenye kipimo kinachogawanya p-tau217 kwa amiloidi 42, kinachoshuka ni kigawanyo peke yake, kwa hiyo jibu hupanda. Mrija uliosahauliwa mezani mchana kutwa unaweza kumsogeza mtu asiye na ugonjwa kuelekea upande wa chanya. Kama ni lazima damu isubiri, iweke kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 na uandike saa iliyochukuliwa na saa iliyozungushwa. Usigandishe damu nzima kamwe, kwa sababu chembe zitapasuka.

Unaponyonya plazma, acha nusu sentimita juu ya tabaka jeupe. Ihamishie kwenye mirija ya polipropilini. Amiloidi hunata kwenye kioo na kwenye polistireni, na kila unapohamisha kutoka chombo hadi chombo unapoteza kidogo, basi hamisha mara moja tu. Gawa vipimo vya mililita 0.5, kila mrija ujae angalau robo tatu. Gandisha kwa nyuzi -80. Friza ya -20 ni ya kusubirishia siku chache tu. Safirisha kwa barafu kavu, na sampuli isiyeyuke na kugandishwa tena zaidi ya mara mbili. Gawanyo la akiba ndilo linalokuokoa hapo: ukihitaji kurudia, unayeyusha mrija mwingine.

Upande wa wanaopokea: baada ya kuyeyuka, changanya, kisha zungusha kwa g 10,000 kwa dakika 10. Plazma iliyoganda hubaki na vinyuzi vya fibrini vinavyoziba sindano ya mashine, na mashine ikinyonya pungufu bila kulalamika, jibu hutoka dogo.

Swali: Je, mgonjwa afunge kula kabla ya kutoa damu?

Jibu: Kwa vipimo vingi si lazima. Maabara ikiagiza afunge, afunge. Anywe maji, ili mshipa uonekane.

Swali: Mimi ni mzima, nina miaka 48. Baba alifariki na ugonjwa huu na shangazi anao. Nataka kupima mapema nijue moja. Kuna ubaya gani? *Mtoto wa kwanza*

Jibu: Tunaielewa hofu yako, na ni hofu ya haki. Hata hivyo tunakushauri usipime kwa sasa. Sababu tunakupa kwa hesabu.

Chukua kipimo kizuri kinachowanasa wagonjwa 90 kati ya 100 na kuwaachia 90 kati ya 100 wasio na amiloidi. Kipeleke kwenye kliniki ya kumbukumbu yenye watu 1,000, ambako 600 wana amiloidi kweli. Chanya za kweli zitakuwa 540, za uongo 40. Aliyeambiwa chanya ana karibu asilimia 93 ya kuwa nayo. Sasa kipeleke kipimo hichohicho kwa watu 1,000 wa umri wako wasio na dalili, tuseme 100 ndio wenye amiloidi. Chanya za kweli zitakuwa 90, na za uongo zitakuwa 90. Kipimo hakijabadilika hata chembe, lakini jibu chanya limekuwa sawa na kurusha sarafu.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Hata chanya ya kweli haisemi kwamba utaugua. Uchambuzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2015 ulikuta amiloidi kwa asilimia 10 hivi ya watu wa miaka 50 wenye kumbukumbu nzuri, na kwa asilimia 44 ya wale wa miaka 90 ambao nao kumbukumbu zao zilikuwa nzuri. Wengi hufariki kwa mambo mengine kabla ya kusahau hata jina la mtu. Na hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kumpa mtu asiye na dalili.

Vinavyokufaa sasa ni shinikizo la damu na sukari vilivyodhibitiwa, kolesteroli kushushwa, kusikia kupimwa na kifaa kuvaliwa kama kinahitajika, sigara kuachwa, mwili kutembezwa. Kama katika ukoo wenu watu walianza kuugua kabla ya miaka 60, kizazi hadi kizazi, hilo ni suala jingine: omba kuonana na mshauri wa magonjwa ya kurithi.

Swali: Na kipimo cha jeni ya APOE, ndicho hichohicho?

Jibu: Hapana. Kile husoma ulichorithi na hakibadiliki maisha yako yote. Kuwa na aina ya e4 huongeza hatari, lakini wapo wenye nakala mbili wasiougua na wapo wagonjwa wasio nayo hata moja. Hakitambui ugonjwa.

Swali: Baba ana miaka 78, figo zake zimechoka na anatumia dawa ya moyo yenye sacubitril. Majibu yake ya damu ni chanya, lakini sisi nyumbani tunaona kumbukumbu yake imeyumba kidogo tu. Tuyaamini? *Wana wa baba mmoja*

Jibu: Mna haki ya kuuliza, na mambo yote mawili mliyoyataja yana uzito.

Figo zikidhoofika, p-tau217 hupanda kwenye damu hata kama ubongo hauna mabaka. Maabara zinazopima p-tau217 kama sehemu ya tau yote isiyo na fosfeti hupunguza kosa hili, kwa kuwa zote mbili hupanda pamoja. Angalieni karatasi ya majibu: kama imeandikwa asilimia ya p-tau217, ni njia hiyo. Kama ni kiasi tupu, daktari alinganishe na majibu ya figo ya karibuni.

Sacubitril nayo huzuia neprilisini, kimeng'enya ambacho kazi yake mojawapo ni kuivunja amiloidi. Mgonjwa akiitumia, amiloidi 40 hupanda sana kwenye damu na uwiano wa 42 kwa 40 hushuka, kama vile mtu ana mabaka. Kipimo kinachotegemea uwiano huo hakimfai. Msimwachishe dawa ya moyo kwa ajili ya kipimo. Ni hatari, tena bila sababu. Ombeni njia nyingine: PET, au maji ya uti wa mgongo kama hatumii dawa za kuyeyusha damu zinazozuia sindano hiyo.

Mengine yanayoyumbisha majibu ni unene mkubwa, ambao huzimua viashiria vishuke, pamoja na mshtuko wa moyo au kiharusi cha karibuni. Mtu aliyelazwa akiwa amechanganyikiwa ghafla kwa homa asipimwe wakati huo.

Swali: Majibu ya mke wangu yamerudi "eneo la kati". Daktari amesema si ndiyo wala si hapana. Ni kosa la maabara?

Jibu: Si kosa, mzee wetu. Ni uaminifu. Vipimo vilivyotengenezwa vizuri vina mistari miwili: chini ya mmoja ni hasi, juu ya mwingine ni chanya, na katikati hapasemwi neno kwa sababu hapo ndipo walio nayo na wasio nayo hukutana. Ukilazimisha mstari mmoja, unaficha wasiwasi huo ndani ya majibu. Kama uamuzi wa tiba unategemea jibu, mpelekeni PET au sindano ya mgongo. Kama dalili ni ndogo na hakuna tiba inayosubiri, kurudia baada ya mwaka ni jambo la busara.

Swali: Kaka yangu, miaka 69, majibu ni hasi. Tulifurahi, lakini kila wiki anazidi kupotea. Sasa ni nini?

Jibu: Hasi imefuta ugonjwa mmoja, kusahau kwake kungali palepale. Tafadhali msikae na karatasi hiyo mkasubiri.

Anayeharibika wiki hadi wiki ni wa kuwahishwa. Kama aliwahi kujigonga kichwa, hata kidogo, hata wiki sita zilizopita, hasa akiwa anatumia dawa za kuyeyusha damu, damu inaweza kuwa imejikusanya taratibu kati ya ubongo na utando wake. Picha ya CT huionesha, na upasuaji huiondoa. Kama anaburuta miguu kana kwamba imegandishwa sakafuni, na mkojo unamtoka, waulizeni madaktari kuhusu maji kujaa kwenye vyumba vya ubongo. Hilo nalo lina tiba. Akiona watu wasiokuwapo, akirusha mikono usingizini na mwili ukikakamaa, ni dalili za ugonjwa wa Lewy. Tabia ikibadilika kabla ya kumbukumbu, ni sehemu ya mbele ya ubongo. Ikiwa anashuka kwa ngazi baada ya viharusi vidogo, ni mishipa. Na msisahau sonona, upungufu wa B12, thairoidi, kukosa pumzi usingizini, na dawa: amitriptyline, oxybutynin, diazepam, diphenhydramine zote huchafua akili ya mzee.

Swali: Mume wangu ni chanya, na PET imethibitisha. Je, apimwe damu kila miezi sita tujue dawa inafanya kazi? *Mke wake*

Jibu: Pole, dada. Kama ana dalili za mwanzo tu, daktari huenda amewaeleza kuhusu lecanemab, ambayo huanza kwa dripu kila wiki 2, au donanemab, kila wiki 4. Zinaondoa amiloidi. Haziurudishi ubongo ulikotoka. Katika jaribio kubwa la lecanemab, kasi ya kushuka kwa kumbukumbu na uwezo ilipungua kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18, yaani tofauti ya pointi 0.45 kwenye kipimo cha ukali wa dalili chenye pointi 18. Hatari yake ni uvimbe na kuvuja damu ndani ya ubongo, zaidi kwa wenye nakala mbili za APOE e4. Hapa ndipo jeni hiyo inapostahili kupimwa, kabla ya dozi ya kwanza.

Kinachomlinda akiwa kwenye dawa ni picha za MRI kwa ratiba, na si damu. Kichwa kikimuuma kwa namna mpya, macho yakaona ukungu, au akachanganyikiwa ghafla, piga simu siku hiyohiyo. Vibali vya vipimo vya damu vilivyopo ni vya kutambua, si vya kufuatilia, na p-tau217 ikishuka haikwambii kama anaweza kujivalisha mwenyewe. Hilo unalijua wewe. Chukua daftari, mara moja kwa mwezi andika mambo kumi: kuvaa, kuoga, kushika fedha, kumeza dawa, kupiga simu, kupika au kupasha chakula, kutembea hadi anakokwenda, kufuata mazungumzo, kulala, na hasira. Mbele ya kila moja weka alama: peke yake, kwa kukumbushwa, au kwa kusaidiwa. Nenda nalo kliniki kila mara.